Mgeni Ndani ya Moyo

Wako miongoni mwetu, katika parokia zetu na katika jumuiya zetu, watu ambao mioyo yao hutoa mlio. Ukikaa karibu nao usiku, nyumba ikiisha kutulia, utausikia: mlio mdogo, mkavu, kama wa saa ya mkono, ukienda pamoja na mapigo ya damu. Hao ni watu waliobadilishiwa mlango wa moyo. Ule wa asili uliharibika, ukaondolewa, na mahali pake madaktari wakashona mlango uliotengenezwa kwa mikono ya wanadamu: pete moja, na ndani yake vipande viwili vyeusi vyenye umbo la nusu mwezi, vikifunguka na kufungika mara kama laki moja kila siku.

Tumeona vema kuandika juu ya mlango huo. Sisi si waganga, wala hatutaki kuwafundisha waganga kazi yao. Lakini ndani ya kitu hicho kidogo yamefichwa maswali ya uadilifu ambayo familia nyingi hukutana nayo ghafla, katika wodi ya hospitali, na kutakiwa kuyajibu kabla ya jioni. Ni afadhali yafikiriwe mapema, nyumbani, watu wakiwa wametulia.

Weusi wa vipande vile ni makaa. Twasema makaa, ingawa si yale ya jikoni. Lakini asili yake ni ile ile, yaani kaboni. Kipande cha grafiti huwekwa katika tanuru lenye moto wa nyuzi zaidi ya 1000 za Selsiasi, gesi yenye kaboni hupitishwa humo, nayo ikivunjwa na joto huacha kaboni yake juu ya kipande, tabaka juu ya tabaka, mpaka kipande chote kimevikwa ngozi ngumu, laini, ambayo kwa kawaida unene wake haufiki milimita moja. Ajabu ni kwamba ngozi hiyo haikubuniwa kwa ajili ya moyo wa mtu. Ilibuniwa kwa kufunikia chembe za urani katika mitambo ya nguvu za atomi, huko San Diego, Marekani. Katikati ya miaka ya 1960 mhandisi mmoja wa kiwanda hicho, Jack Bokros, alisoma habari za daktari mpasuaji Vincent Gott, aliyekuwa akitafuta kitu ambacho damu yaweza kupita juu yake bila kuganda, naye alikuwa ameiona grafiti kuwa na dalili njema. Wakawasiliana, wakajaribu, na kabla ya miaka ya 1960 kwisha ngozi ile ya atomi ilikuwa imeanza kutiwa katika milango ya moyo. Watu wengi wakisikia neno atomi hufikiri bomu tu. Basi wajue kwamba kutoka katika nyumba hiyo hiyo kimetoka pia kitu kinachokaa kifuani mwa mama wa watoto watano na kumwezesha kwenda shambani.

Kwa nini jambo la ngozi liwe kubwa hivi? Kwa sababu damu ni mlinzi mkali. Kitu chochote kigeni kikiingia katika mkondo wake, kiwe chuma, plastiki au kitambaa, nukta chache hazipiti kabla hakijapakwa protini za damu. Juu ya protini hizo hunata chembe zile ndogo za kugandisha damu. Juu ya chembe hizo hujengeka bonge. Katika jeraha la mguu kazi hiyo ni rehema ya Mungu, maana bila hiyo tungalitokwa damu hata kufa kwa kujichoma mwiba. Lakini bonge likijengeka moyoni, kisha likang'oka na kupanda kichwani, mtu hupooza upande mmoja, au hufa. Mtaalamu aweza kutengeneza mlango ulio imara na wenye kufunguka vizuri, na bado ukamwua mgonjwa kwa sababu ya uso wake tu. Wale waliotangulia katika kazi hii walilifahamu jambo hilo kwa uchungu. Charles Hufnagel, aliyekuwa wa kwanza kumtia mtu mlango wa kutengenezwa, Septemba 1952, katika Chuo Kikuu cha Georgetown cha mapadre Wayesuiti, hakuutia hata ndani ya moyo wenyewe, bali katika mshipa mkuu unaoshuka kifuani: tufe dogo ndani ya bomba la plastiki. Na mlio wake, tofauti na ule tuliouelezea hapo juu, uliweza kusikika na watu wengine waliokuwa chumbani.

Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki, wengi wanaohitaji mlango wa namna hii si wazee. Ni vijana, na mara nyingi ni wasichana na mama wachanga. Kisa huanza utotoni, kwa kuumwa koo. Vijidudu fulani vya koo huamsha jeshi la kinga ya mwili. Jeshi hilo huvipiga na kuvishinda. Lakini kwa kuwa kuna kitu katika vijidudu vile kinachofanana na nyama ya moyo, kinga hukosea, na kuendelea kuipiga milango ya moyo wa mtoto kana kwamba nayo ni adui. Ndiyo homa ya baridi yabisi. Mtoto huvimba viungo, hupona, husahau. Na baada ya miaka kumi au kumi na mitano, msichana anaanza kuhema akipanda kilima na ndoo ya maji, au anapokuwa mja mzito anashindwa kulala chali. Tazameni basi jinsi mambo yalivyogeuka. Ugonjwa umetokana na mwili kumdhania ndugu kuwa adui. Na dawa yake ni kumleta mgeni kabisa, aliyepikwa tanuruni, na kumvika vazi ili mwili ukubali kuishi naye.

Hapo ndipo watu wengine huuliza swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kama mchezo wa maneno, lakini si mchezo. Je, si udanganyifu huu? Swali lazidi kuwa kali tukiangalia dawa za siku hizi ambazo husafirishwa mwilini ndani ya chembe ndogo mno, ziitwazo chembe za nano. Tangu mwaka 1995 kuna dawa ya saratani iliyofungwa ndani ya vitufe vya mafuta vidogo hata vitufe elfu kumi hivi vikipangwa mstari mmoja havizidi milimita moja. Na kila kitufe kimevikwa nyuzi za polietilini glikoli, ambazo hujivika maji na kuzifanya zile seli zenye kazi ya kumeza wageni zisikitambue upesi. Chanjo za virusi vya korona zilizotolewa mwaka 2020 kwa ufundi wa RNA nazo zilibebwa na vitufe vya jamaa hiyo. Wenyewe wataalamu, wakisema juu ya mavazi hayo, hutumia maneno ya vita na ya wizi: kujificha, kunyemelea, kupita bila kuonekana na mlinzi. Mkristu aliyefundishwa katekisimu kwamba uongo ni dhambi, hata kama watumika kwa jambo jema, ana haki ya kuuliza.

Sisi twajibu kwamba si uongo. Mtakatifu Augustino, aliyeandika kitabu kizima juu ya uongo, alitufundisha kuutafuta uongo katika nia ya mtu asemaye na mtu mwenziwe. Uongo huenda kutoka akili hadi akili. Chembe ya damu haina akili ya kudanganywa wala haki ya kuambiwa kweli. Ina kazi tu, na kazi hiyo ipo kwa ajili ya uzima wa mtu mzima. Mkulima afunikaye mbegu kwa udongo ili ndege wasiione hakuwadanganya ndege. Tena anayeongoza kazi ya sehemu za mwili kwa faida ya mwili wote, kwa ridhaa ya mwenyewe na kwa ajili ya kumponya, atenda jambo ambalo Kanisa limelifundisha siku zote kuwa halali: sehemu ipo kwa ajili ya mwili mzima. Wahenga nao walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kumvika mgeni vazi la adabu ili mwenyeji asimfukuze kabla hajamponya si hila mbaya.

Walakini kuna neno la kuongeza, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Mwili haukubali vazi lile moja kwa moja. Baadhi ya watu, miili yao hujifunza kuzitambua hata zile nyuzi za polietilini glikoli na kutengeneza kinga dhidi yake. Na ngozi ya kaboni, ijapokuwa ni katika zilizo bora ambazo wanadamu wamepata kuzivika milango ya moyo, ijapokuwa haichakai upesi bali yaweza kudumu kuliko maisha ya mwenyewe, bado haijaweza kuipatanisha damu kabisa. Mtu mwenye mlango huo hana budi kumeza dawa ya kuzuia damu isigande kila siku, mpaka siku ya kufa kwake. Basi kama kuna udanganyifu katika jambo hili, haupo kati ya kaboni na damu. Utatafutwa mahali pengine: mdomoni mwa yeyote anayemwambia mgonjwa, akiisha kushonwa kifua, kwamba sasa amepona, aende zake nyumbani.

Hakupona. Amebadilishiwa ugonjwa mmoja mkubwa kwa utumwa mmoja mdogo, na utumwa huo unataka kusimamiwa. Dawa yenyewe huitwa warfarini. Historia yake ni ya ajabu: katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na wa kaskazini ya Marekani walikuwa wakitokwa damu hata kufa baada ya kula majani makavu yaliyooza, Karl Paul Link na wenzake wa Wisconsin wakaitafuta sumu iliyokuwamo, na mwaka 1948 jamaa ya sumu hiyo ikatolewa kuwa ya kuulia panya, kisha mwaka 1954 ikakubaliwa kuwa dawa ya watu. Ndiyo maana wako watu vijijini wanaoambiwa na majirani, "Wewe unakunywa sumu ya panya," nao kwa hofu huiacha. Jirani anayesema hivyo hajui anafanya nini. Dawa hii ikizidi, mtu hutokwa damu. Ikipungua, bonge hujengeka juu ya mlango. Na kati ya kuzidi na kupungua njia ni nyembamba. Mgonjwa lazima apimwe damu mara kwa mara. Mchicha, kisamvu na matembele hupunguza nguvu ya dawa. Si kwamba asile kabisa, bali ale kwa kiasi kilicho sawasawa wiki hadi wiki, wala asianze kula kwa wingi mwezi wa mvua na kuacha mwezi wa kiangazi bila kupimwa. Dawa nyingine nyingi, za hospitali na za mitishamba, huitibua. Je, kipimo hicho kipo katika zahanati iliyo karibu naye? Na kama hakipo, nauli ya kwenda mjini ni shilingi ngapi, na nani ataitoa mwezi huu, na mwezi ujao, na miaka thelathini ijayo?

Hayo si maswali ya uchumi peke yake. Papa Pio XII, aliposema na madaktari tarehe 24 Novemba 1957, alieleza kwamba mtu hufungwa kutumia njia za kawaida za kuulinda uzima, na kwamba ukawaida huo hupimwa kwa hali ya mtu, ya mahali, ya nyakati na ya ustaarabu. Njia ambayo haimtwishi mtu mwenyewe wala mwingine mzigo wa kupita kiasi. Tukilichukua fundisho hilo kwa dhati, twaona kwamba mlango wa kaboni si kitu kimoja kila mahali. Kwa mtu akaaye Dar es Salaam, karibu na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanza mwaka 2015, mwenye bima na mwenye simu ya daktari wake, ni njia ya kawaida. Kwa mama akaaye mwendo wa siku nzima kutoka hospitali yenye kipimo, mlango ule ule, wa kiwanda kile kile, waweza kuwa mzigo mzito kupita maelezo. Twaogopa desturi ya kusema kwamba kilicho bora ni kimoja, nacho ni kile kinachodumu zaidi. Bora kwa nani?

Maana kuna mlango wa namna ya pili, uliotengenezwa kwa nyama ya nguruwe au ya ng'ombe iliyoandaliwa kwa dawa. Huo kwa kawaida hautaki warfarini maisha yote. Lakini huchakaa, na kwa kijana huchakaa mapema kuliko kwa mzee, labda katika miaka kumi au kumi na mitano, na pengine kabla. Ndipo kifua kifunguliwe tena. Mkristu asisumbuliwe na habari ya nguruwe. Pio XII huyo huyo, tarehe 14 Mei 1956, alikwisha kusema kwamba kutia kiungo cha mnyama katika mtu hakuwezi kukatazwa kwa jumla, bali kila jambo lipimwe lilivyo. Wenzetu wa dini nyingine wanao walimu wao wa kuwaongoza.

Basi fikirini habari ya mwanamke wa miaka ishirini na miwili, aliyeolewa, ambaye hajapata mtoto. Akichukua mlango wa kaboni, atameza warfarini. Na warfarini humfikia mtoto tumboni, na hasa katika wiki ya sita hata ya kumi na mbili yaweza kumharibu mifupa na viungo. Akiiacha ili kumlinda mtoto na kupewa heparini ya sindano, hatari ya bonge juu ya mlango huzidi, na mama mwenyewe aweza kufa. Akichukua mlango wa nyama, mimba yake itakuwa na hatari ndogo kwa upande huo, lakini anajua kwamba huenda atapasuliwa tena angali na watoto wadogo, na hajui kama siku hiyo patakuwa na nafasi, na fedha, na daktari. Hakuna njia kati ya hizo iliyo na dhambi ndani yake, wala hakuna isiyo na msalaba. Twasema hivyo waziwazi kwa sababu tumesikia watu, hata wenye nia ya kidini, wakimhukumu mama wa namna hii kwa chaguo lake, kana kwamba imani ingalimfunulia jibu moja.

Lakini liko jambo ambalo ni kosa, nalo ni kumnyima kuchagua. Kosa hilo hutendwa mara nyingi kwa haraka tu, pasipo ubaya wowote moyoni. Karatasi inaletwa, kidole gumba kinatiwa wino, mume au baba mkubwa anajibu kwa niaba yake, na mama anakuja kufahamu habari ya warfarini na mimba siku anapokwenda kliniki ya wajawazito. Aelezwe kabla, kwa lugha anayoifahamu, mumewe akiwapo. Waelezwe pia kwamba Kanisa, katika waraka wa Papa Paulo VI wa mwaka 1968, limewakubalia wenye ndoa kuahirisha uzazi kwa sababu nzito, wakifuata majira ya mwili. Na kama moyo wenye mlango wa kaboni si sababu nzito, hatujui ni ipi. Na mume anayemrudisha mke kwao kwa kuwa "amekuwa mgonjwa wa moyo na hatazaa" asidhani kwamba desturi ya ukoo itamtetea mbele ya altare alikoapa kuwa naye katika afya na ugonjwa.

Tumesema juu ya wagonjwa na jamaa zao. Na waundaji je? Kisa kimoja kinastahili kuelezwa. Mwaka 1997 kampuni ya Marekani iitwayo St. Jude Medical ilianza kutoa mlango wa moyo ambao pete yake ya kitambaa, ile inayoshonwa katika nyama, ilikuwa imepakwa fedha. Nia ilikuwa njema. Milango ya kutengenezwa huweza kushikwa na vijidudu, na ugonjwa huo ni mwuaji. Fedha nayo tangu zamani yajulikana kuua vijidudu. Mwaka 1998 ukaanzishwa utafiti wa kuwalinganisha wagonjwa wa pete ya fedha na wa pete ya kawaida, wakaandikwa wapatao 800. Januari 2000 utafiti ulisimamishwa na mlango ukaondolewa sokoni, kwa maana waliotiwa pete ya fedha walionekana kuzidi kupata tatizo la damu kuvuja kandokando ya pete. Nyama ya moyo hupaswa kuota ndani ya kitambaa na kukishika. Wataalamu wengi walishuku kwamba kilichowatisha vijidudu kiliizuia nyama nayo. Wakati huo watu zaidi ya 30,000 walikuwa wamekwisha kutiwa mlango huo. Wagonjwa wakashtaki, na mwaka 2012 mahakama ya Ontario, Kanada, baada ya kusikiliza kesi ndefu, iliamua kwamba kampuni haikuwa na uzembe.

Hatuna sababu ya kuishutumu hukumu hiyo. Yawezekana kabisa kwamba hakuna aliyetenda dhambi. Lakini hapo ndipo fikira zetu hushikwa na uzito, maana tumezoea mno kuliuliza swali moja tu, "Nani mwenye kosa?", na jibu likiwa "hakuna", kila mtu hukunja jamvi lake. Waliopasuliwa mara ya pili walibaki na makovu mawili. Waliobaki na pete ya fedha moyoni, ikiwa haijavuja, walibaki na hofu, na swali lisilo rahisi hata kwa daktari aliye bora: kuiondoa, kwa hatari ya kisu, au kuiacha, kwa hatari ya siku isiyojulikana? Hukumu ya mahakama hukata deni la sheria. Haikati deni la yule aliyesema, "Nipe kifua chako, nami nitatia kitu changu humo."

Septemba ile ile ya 1952, Hufnagel alipokuwa akitia tufe lake, Pio XII alikuwa akisema na wataalamu wa mishipa ya fahamu juu ya mipaka ya utafiti wa uganga. Aliwaambia kwamba daktari hana uwezo juu ya mgonjwa ila ule anaopewa na mgonjwa mwenyewe. Na kwamba faida ya jumuiya haiwezi kumgeuza mtu kuwa kitu cha kutumiwa, kwa maana mtu si kwa jamii kama kidole kilivyo kwa mwili. Kidole huishi kwa ajili ya mwili, chaweza kukatwa ili mwili upone. Mtu hakatwi ili jamii ipone. Katika nchi zetu zinazopokea vitu vilivyobuniwa mbali, fundisho hilo lina sehemu inayotuhusu moja kwa moja. Kitu kipya kikishonwa katika kifua cha Mtanzania, jina lake liandikwe, na namba ya kitu iandikwe, na daftari litunzwe mahali ambapo halitaliwa na mchwa. Ili siku habari itakapotoka Ulaya au Marekani kwamba kitu kile kina dosari, kuwe na njia ya kumtafuta mwenyewe kijijini kwake na kumwambia. Bila daftari, mtu yule amefanywa kidole. Twaiona kazi ya kutunza daftari kuwa ya haki, tena ya haki nzito kuliko hotuba nyingi zinazotolewa juu ya heshima ya mtu siku ya kuzindua mashine.

Na hospitali zetu za Kanisa, kuanzia Bugando iliyo chini ya maaskofu wetu hata zile ndogo za masista huko ndani, zina nafasi yake. Si zote zinazoweza kupasua moyo, wala hazitakiwi zote kujaribu. Lakini kupima damu ya mtu mmoja kwa warfarini ni tone kutoka katika ncha ya kidole na kifaa kinachokaa mezani. Msamaria wa Injili hakuishia katika kufunga majeraha na kumwaga mafuta na divai. Alimwacha mgonjwa kwa mwenye nyumba ya wageni, akatoa dinari mbili, akaahidi kwamba atakaporudi atalipa na kilichozidi. Wahubiri wetu hukaa sana njiani, penye wanyang'anyi, na kuhani, na Mlawi. Mara chache hufika katika nyumba ya wageni, ambako kazi ilikuwa ndefu na haina mtazamaji.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wafanye jambo moja kabla ya mvua kuanza. Waulize, kwa siri na kwa heshima, ni nani katika nyumba zao anayemeza dawa ya kuzuia damu isigande, kliniki yake ni siku gani, na nauli hupatikana wapi. Katika jumuiya nyingi jibu litakuwa hakuna. Patakapopatikana mmoja, nauli yake ya mwaka mzima haitashinda gharama ya hema na viti vya sherehe moja ya kipaimara. Tena waulize habari ya watoto. Shirika la Afya la Dunia, katika mkutano wake mkuu wa mwaka 2018, liliyataka mataifa yote kuishughulikia homa ya baridi yabisi, na silaha yake ni ya zamani na ya bei ndogo: penisilini. Mtoto aumwaye koo kwa homa asipewe asali na limau peke yake na kuachwa wiki nzima, apelekwe zahanati. Yule ambaye homa imekwisha kumgusa hudungwa sindano kila wiki tatu au nne, kwa miaka mingi. Sindano huuma, watoto huzikimbia, na mama akiwa na kazi ya kuvuna huahirisha. Hapo ndipo nyanya, au mwalimu wa katekisimu, au jirani asiye na shamba la kuvuna siku hiyo, aweza kumshika mtoto mkono na kwenda naye.